Taa Yangu Msiitupe Mtoni

Zima hiyo televisheni, Maombi. Na wewe Bonheur, acha kusimama mlangoni kama mtu anayesubiri basi, njoo ukae hapa karibu na kitanda, kwa sababu sauti yangu imebaki kidogo na sina nia ya kuimaliza kwa kupiga kelele mpaka sebuleni. Hutaki kuvua koti? Sawa, kaa nalo. Sababu ya kutolivua naijua na nitaifikia. Lois, mjukuu wangu, wewe kaa hapo miguuni. Najua unanielewa hata unapojibu kwa Kiingereza, na leo koko, bibi yako, hataki jibu, anataka masikio. Pazia liacheni hivyo hivyo lilivyofungwa. Filimbi za majirani wanaoonyana nimezisikia tangu asubuhi, magari ya vioo vyeusi ya maafisa wa uhamiaji yanazunguka mji huu wa Crystal, nami nikiwa na mambo ya kusema sitaki mtu aruke kwenda dirishani kila gari linapopunguza mwendo.

Ninakufa, wanangu. Msinikatize. Maureen, yule muuguzi Mkenya, alinishika mkono akaniambia bila kuzunguka, "Mama, moyo wako umechoka, na dawa zimefika mwisho wake," nikamshukuru kutoka ndani, maana katika nyumba hii yeye ndiye mtu wa kwanza aliyenieleza ugonjwa wangu bila kumtaja shetani.

Nianze na yaliyo mepesi. Vitenge vilivyo kwenye sanduku la bluu ni vya Maombi, na asivigawe kwa haraka ya huzuni halafu aje kuvililia. Cherehani ni ya Lois, hata kama ataitumia kama meza ya kompyuta. Saa ya baba yenu na saksafoni yake iliyovunjika mdomo ni vya Bonheur. Ile sufuria kubwa ya bugali wapeni akina mama wa kanisani moja kwa moja, kwa kuwa huiazima kila harusi na hawairudishi mpaka wakumbushwe na Roho Mtakatifu. Nguo zangu za baridi wapeni wageni wapya waliofika kutoka kambini, wasije wakapigwa na baridi kama tulivyopigwa sisi, tulioshuka kwenye ndege na ndara miguuni.

Hayo yamekwisha. Sasa nakuja kwenye lile lililonifanya niwaite.

Bonheur, mwanangu, toa kilicho mfukoni mwako. Mfuko wa kulia. Kimefungwa kwa karatasi ya fedha ya jikoni, kimepakwa mafuta ya upako ya Mtumishi wa Mungu Ildephonse, nawe umepanga kwamba leo, kabla giza halijaingia, utaendesha gari mpaka Champlin, usimame kwenye daraja na kukitupa katika mto Mississippi. Usimtazame dada yako, hakuna aliyekusaliti. Mnanong'ona jikoni mkidhani mgonjwa wa moyo ni kiziwi. Na kwanza, huo mto umeutazama? Umeganda! Utaitupa broshi yangu ya kifuani, itaanguka juu ya barafu, ti, na itakaa pale inameremeta mpaka masika, kila apitaye na mbwa wake aione. Mtu anayefukuza pepo si angalau angengoja barafu iyeyuke?

Cheka, Lois, usijizuie. Mimi ningecheka nanyi kama kifua kingeniruhusu, na kama nisingekuwa naogopa.

Ndiyo, naogopa. Nataka mlisikie neno hilo kinywani mwangu, kwa kuwa mmezoea kufikiri mama yenu haogopi kitu. Kufa siko nako mbali tena, tumeshazoeana. Ninachoogopa ni kwamba nikishafumba macho, kabla mwili haujapoa, broshi itatoka humu ndani kimyakimya, na pamoja nayo ahadi niliyowapa wanawake ambao wote wamelala isipokuwa mmoja, naye huyo mmoja atashushwa kaburini bila sauti yoyote, kana kwamba hakuwahi kukaa meza ya mbele. Nikiwaza hilo, hii mashine ya hewa inakuwa kama imezimwa. Kwa hiyo iweke hapa juu ya blanketi, Bonheur. Ifungue. Haitakuuma.

Sasa tazameni, maana naona kwamba kwa miaka yote hii hamjawahi kuitazama. Ni pini ya kifuani, ya dhahabu, yenye umbo la kandili, taa ya mafuta ya taa. Mtumishi Ildephonse aliiona mara moja tu akasema hiyo ni taa ya jini. Hakuuliza nani aliifua, hakuuliza kwa nini, alifumba macho akaanza kunena kwa lugha. Mtu mzima anatoa hukumu kabla ya kusikiliza upande wa pili! Basi mimi ndiye upande wa pili, na mtanisikiliza.

Hapa mnanijua kama Mama Donatille wa kwaya. Kule kwetu Bukavu walinijua kama Dona wa Etoile. Etoile ulikuwa ukumbi wa dansi na michezo ya jukwaani: kwanza anatoka mchekeshaji, halafu mtu wa mazingaombwe aliyetoa njiwa kwenye kofia na siku nyingine njiwa akamgomea, halafu bendi, halafu mimi. Baba yenu alipiga saksafoni upande wangu wa kushoto. Kwa hiyo yeyote atakayewaambia kwamba pale palikuwa nyumba ya shetani, mwambieni kwamba bila ukumbi ule ninyi msingezaliwa, kisha mwacheni atafute pa kulitia neno lake.

Meza za mbele zilikuwa za akina mama wa mtaa wa Kadutu waliojiita Wasiochoka. Mwalimu, muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, mke wa fundi viatu, mkunga. Walivaa kitenge kimoja, walikuja pamoja, waliondoka pamoja, na nikiimba, wao ndio walioniitikia. Kila Jumapili dansi ilifungwa kwa wimbo wa kipuuzi kabisa, niliutunga mwenyewe ili kuwaamsha waliosinzia mezani waende kwao. Mimi nauliza, "Nani huyo amelala?" Wao wanajibu, "Mwache, amecheza." Nauliza tena, "Nimwamshe aende kwao?" Wanajibu, "Mwache, amecheza." Basi. Huo ndio wimbo wote. Kuna mama mmoja wao, Susan, alikuwa anasinzia kila wiki na mdomo wazi, na ukumbi mzima ulimwelekea yeye tukicheka.

Sasa sikilizeni sehemu hii vizuri. Ilikuwa miaka ile ya Zaire, wanajeshi walipoasi wakaanza kupora maduka. Jumapili alasiri, ukumbi umejaa, umeme ukakatika. Etoile haukuwa na madirisha. Giza lilikuwa la kushikika. Nje tukasikia risasi, mbali kidogo, halafu karibu. Ukumbi ule ulikuwa na mlango mmoja tu, mwembamba, juu ya ngazi. Nikasikia viti vinaanguka. Nikasikia mwanamume anaita jina la mkewe kwa sauti ambayo sijawahi kuisahau. Na nilijua, kama ninavyolijua jina langu, kwamba watu wale wote wakiukimbilia mlango ule kwa pamoja, risasi za nje hazitakuwa na kazi ya kufanya, tutakuwa tumemalizana wenyewe.

Nikanyakua kipaza sauti. Kimekufa. Msije mkasema kwenye matanga yangu kwamba nilikuwa shujaa, nitawainukia! Hofu ilinijaa mpaka ikakosa pa kutokea, ikatokea mdomoni, na ilipotoka ilikuja na wimbo ule ule wa kipuuzi. "Nani huyo amelala?" Nikarudia, sauti inapasuka. Ndipo gizani, kutoka meza ya mbele, sauti moja nzito ikanijibu, "Mwache, amecheza." Ilikuwa sauti ya Euphrasie, mkubwa wa Wasiochoka. Kisha ya pili, kisha meza nzima, kisha mtu fulani nyuma akacheka, kicheko cha woga, lakini kicheko. Kati ya ubeti na ubeti nikawa nawaambia, "Tokeni taratibu, mlango ni mmoja. Mmoja mmoja, mshikane mabega." Wakatoka. Nilibaki jukwaani nikiimba mpaka wa mwisho, Wasiochoka wakibaki mezani wakiitikia, ili waliokuwa kwenye ngazi wasikie kwamba ndani hakuna anayekimbia. Hakuna mtoto aliyekanyagwa. Hakuna hata kiatu kilichopotea.

Mji ulipotulia, akina mama wale walikutana bila kuniambia. Kila mmoja akavua hereni moja ya dhahabu, akabaki na ya pili. Sonara wa Kadutu akaziyeyusha zote pamoja akafua kandili hii, na Jumapili ya kunivisha waliingia ukumbini wote na sikio moja tupu, vichwa juu, waume zao wamenuna nyuma yao. Yaya Euphrasie, kama tunavyowaita dada zetu wakubwa, ndiye aliyeibandika hapa. Akanichoma na pini, akaninong'oneza, "Usitoe damu, Dona, kitenge ulichovaa tumekiazima."

Maombi, igeuze. Umewahi kuigeuza? Hujawahi, unaishika kama makaa. Mpe Lois. Lois, nyuma pana maandishi, soma kwa sauti, Kiswahili hicho hakitakushinda.

Mmesikia? Soma tena, mjomba wako amejifanya anakohoa.

"Hakuna aliyeanguka." Hayo ndiyo yaliyoandikwa kwenye kitu mnachosema kinaua watu.

Najua mlikoanzia, na siwalaumu kwa lile mliloliona mkiwa wadogo. Vita vilipokuja tukakimbia, nikaishonea ndani ya mkunjo wa sidiria, tukafika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Pale kambini Susan akawa wa kwanza kutuacha. Tumesimama kaburini, watu wamechoka, hata machozi yamekauka, ghafla Euphrasie akanigeukia akasema, "Dona, imba ile ya mwisho. Huyu si ndiye aliyekuwa analala?" Nikapandisha mkono nikaitoa broshi, nikaibandika, nikauliza, "Nani huyo amelala?" Na wale waliobaki, kila mmoja na hereni yake moja, wakajibu. Tulicheka na kulia mpaka mchungaji akatuogopa. Tangu siku hiyo kila mmoja wao alinishika mkono akaniahidisha: na mimi, Dona, uniimbie hivyo hivyo, na taa ukiwa umeivaa. Niliahidi. Na nilitimiza. Kwa wengine niliimba nimesimama kwenye tope, kwa wengine niliimba hapa Minnesota, nimeegemeza simu kwenye kopo la chumvi, ndugu zao Bukavu wameinua simu yao juu ya jeneza ili sauti isikike.

Ninyi mlichokiona ni kitu kimoja tu: mama akifungua lile kopo la maziwa ya unga na kujibandika ile taa, kuna mtu amekufa. Bonheur, ulikuwa mdogo, ukiniona naelekea kwenye kopo unakimbilia nje ya turubai. Maombi, ulipokuwa na mimba ya Lois ulinisihi niitoe nyumbani, nikaipeleka ikakae kwa marafiki Saint Louis Park mpaka ukajifungua. Nilikubali kwa kuwa mjamzito hashindani na mtu. Lakini leo huna mimba, kwa hiyo tushindane.

Hoja yenu ni hii: kila taa inapotoka, mtu anazikwa, basi taa ndiyo inayozika. Haya. Maombi, wewe unahudumia wazee hapa Crystal, unawaosha, unawageuza, unawapaka mafuta midomoni, unawashika mkono mpaka pumzi ya mwisho. Wangapi wamefia mikononi mwako? Mtu akisimama barabarani aseme, "Kila mzee anayekufa, yule mama yumo chumbani, basi ni yeye anayewaua," utamjibu nini? Utamwambia umekuja kwa sababu anakufa, hakufa kwa sababu umekuja. Sasa kwa nini mikono yako uitetee na broshi yangu uihukumu? Inama basi. Inama ufikiri, sitaki kukuona umeshindwa, nataka uwe umeelewa.

Na wewe Bonheur, najua unalolishika. Utasema, "Mama, je, ile siku uliyoitoa kuipangusa tu?" Ni kweli. Niliitoa kuipangusa kwa dawa ya meno, hakuna msiba wowote, na kabla wiki haijaisha simu ikalia kutoka Bukavu, mkunga ametutoka. Sitawaficha: siku ile na mimi damu iliniganda. Niliitupa koponi, nikaliweka kopo nyuma ya gunia la mchele, na kwa muda mrefu nikawa napita jikoni nikiangalia pembeni. Niliogopa kitu changu mwenyewe! Halafu nikajiuliza, yule mkunga alikuwa na umri gani? Tulikuwa tumebaki wazee watupu. Ningeipangusa wiki yoyote ile, simu ingelia. Hivyo ndivyo hofu inavyofanya kazi, wanangu: inasahau siku zote ambazo hakuna kilichotokea.

Nipeni maji. Kidogo. Basi.

Sasa Euphrasie. Huyu naomba mnisikilize kwa upole, kwa sababu hasira yangu kwake ndiyo niliyoshindwa kuiweka chini. Tulikuja wote Minnesota, yeye akakaa Champlin na mjukuu wake, tukawa tunapeana mboga na umbea. Wenzetu wakazidi kupungua, mpaka nikiimba kwenye simu ikawa anayeniitikia ni yeye peke yake. Kisha hofu ikamwingia. Akaona wote wamekwenda, imebaki hereni moja duniani, na ni yake. Akasimama kanisani mbele ya watu wote, akatoa ushuhuda kwamba amefunguliwa minyororo ya ile taa, akasema, "Donatille anatuzika mmoja mmoja." Mimi nimekaa kwenye benchi la tatu. Ananionyesha kidole. Mtu ambaye sauti yake ndiyo ya kwanza kunijibu gizani! Na ni yeye, nasema ni yeye, aliyesema kaburini kwa Susan, "Imba ile ya mwisho." Desturi aliianzisha yeye halafu mzigo akaniachia mimi. Tangu siku ile hajavuka mlango huu, na ni yeye aliyemtuma Mtumishi Ildephonse hapa, msidhani sijui.

Msiba wa mwisho tuliopata, niliimba peke yangu. Niliuliza, "Nani huyo amelala?" na hakuna aliyejibu. Nilisikia friji tu inanguruma. Wanangu, risasi za Bukavu hazikuwahi kunitisha kama ukimya ule. Nauona kila nikifumba macho: nimelala ndani ya sanduku, mtu anauliza, na hakuna anayejibu.

Kwa hiyo wosia wangu ni huu. Broshi haitatupwa mtoni, haitayeyushwa, haitazikwa nami. Itakwenda kwa Maombi, kwa kuwa Mungu alimpa koo langu hata kama yeye analitumia kuimbia vyombo tu. Siku ya Euphrasie ikifika, akiwa amenisamehe au amenilaani mpaka pumzi ya mwisho, Maombi atakwenda Champlin, ataibandika, atauliza swali, na Bonheur na Lois mtaitikia. Hata kama jamaa zake watawafukuza, imbeni mkiwa barabarani. Hata kama theluji…

Nani anagonga?

Tulieni. Bonheur, kaa chini. Maombi, usiende, usiguse pazia. Mumewe jirani alisema wakigonga kwa nguvu tusijibu. Lois, punguza taa ya simu yako. Mungu wangu. Mungu wangu, si leo, wasije wakamchukua mtu mbele yangu nikiwa nimefungwa na bomba puani… Anagonga tena. Hagongi kwa nguvu. Anagonga kama mtu aliyevaa glavu.

Unasema nini, Lois? Ni wewe? Wewe ndiye uliyempigia? Kwa nini hukuniambia, mtoto mtundu wewe, umenikatia pumzi iliyokuwa imebaki! Mfungulieni basi. Mfungulieni upesi, mzee wa watu atagandia kizingitini.

Usivue viatu, yaya Euphrasie. Kapeti hii imeshazoea.

Mbona unasimama hapo mlangoni? Sogea. Hutaki. Sawa, ongea ukiwa hapo hapo, wote tunakusikia. Unasema nini? Hukuja kunisalimia? Umekuja kuhakikisha kwamba leo inatupwa. Haya. Umetoka Champlin siku kama hii, watu wazima na pasipoti zao wamejifungia ndani, wewe na magoti yako mabovu umempandisha mjukuu wako kwenye gari, mmepita mbele ya magari yale yote, kuja kuhakikisha pini inatupwa. Vema. Sitabishana nawe, nguvu sina. Nina swali moja tu, na unijibu mbele ya watoto.

Kama unaiogopa hivyo, kwa nini umevaa hereni?

Ndiyo, hiyo. Sikio la kushoto. La kulia liko tupu kama Jumapili ile. Hukuivaa kwa bahati mbaya, yaya, na hiyo skafu umeifunga nyuma ya masikio makusudi.

Usilie. Ah, basi lia. Njoo. Mpisheni, akae. Mkono wako baridi. Unaogopa? Na mimi pia. Unaogopa kwamba nikishakwenda umebaki wewe. Na mimi naogopa kwamba… unajua ninaloliogopa. Tulikuwa tunaogopa vile vile hata siku ile, si kweli? Ulipojibu, ulikuwa unatetemeka, nilisikia bangili zako. Ile kesi ya kanisani tuifunge. Nilikuwa nimeandaa maneno makali sana, yaya, yangekutoa kijasho. Yamenipotea.

Maombi, mwanangu, ichukue. Jibandike. Sio mimi, wewe. Inachoma kidogo mwanzoni. Unaiogopa bado? Iogope hivyo hivyo, taa hii haijawahi kuvaliwa na mtu asiyeogopa. Hivyo. Nyoosha kidogo. Sasa… sasa uko kama…

Sogeeni, niwaguse. Bonheur, kichwa chako. Mungu akulinde barabarani, uendapo na urudipo, na akutoe woga aliokutia mama yako bila kujua. Maombi, akupe sauti usiyoionea haya. Lois, akili yako kali iwe na huruma pembeni yake, na siku moja ujibu kwa Kiswahili, hata neno moja. Awape nyote mlango ambao… ambao anayegonga ni mtu mnayemsubiri. Msinililie kwa fujo. Msigombanie vitenge. Yaya mrudisheni kwake mapema, kabla barabara haijaganda.

Toa hili bomba kidogo, linanisumbua… hapana, Bonheur, acha, usiogope, acha tu.

Uliza sasa, Maombi. Nataka kusikia. Najua sijafa bado, uliza hivyo hivyo. Kwa sauti. Zaidi.

…

Ee. Hiyo hiyo.

Umesikia, Lois? Huyo ni yeye… sauti ile ile, nzito… amejibu. Amejibu, wanangu. Endeleeni. Msisimame. Mimi nasikia kutoka huku.

Taratibu tu… mlango ni mmoja… mshikane mabega…